Hakuwepo

Waliniita mara tatu, kama utaratibu unavyotaka.
Sauti ya karani ilitoka dirishani,
ikapita juu ya bodaboda na mama wa karanga,
ikanikuta kwenye baiskeli yangu ya mikono,
ngazi tisa chini ya mlango.
Niliitika. Mara tatu niliitika.
Lakini Agosti ya Dodoma mnaijua:
upepo unazoa vumbi, unazoa na sauti za watu,
unakwenda kuzimwaga Nkuhungu.
Jaladani ikaandikwa, "Mjibu maombi hakuwepo."
Mimi niliyejibu.

Maombi yenyewe ni ya kaka yangu, Ndahani.
Anataka ateuliwe kunisimamia, mimi
na mistari sita ya zabibu aliyoniachia mama kule Mpunguzi.
Penye nafasi ya "hali ya mhusika"
amejaza neno moja: hajiwezi.
Ndahani, mizabibu hiyo nani anaipogoa?
Ukungu huanzia majani ya chini,
nyie warefu mnauona ukishafika kifuani.
Nina miaka arobaini na mmoja.
Nimezaa, nimezika, nimekopa VICOBA nikalipa.
Mwaka juzi nilikukopesha wewe.

Nikarudi tarehe waliyopanga.
Vijana wanne wa bodaboda, Mungu awaone,
wakasema, Mama, tukubebe, dakika moja tu.
Kubebwa nakujua.
Nimebebwa kwenda shule, kwenda kanisani,
kwenda kupiga kura ambayo ni ya siri.
Ukibebwa, mikono huna pa kuiweka,
sketi inapanda, watu wanatazama kando kwa adabu,
na ukishatuliwa, lolote utakalosema
ni kama gunia limeongea.
Nikasema hapana. Mmoja wao akaudhika kidogo.

Ngazi zenyewe si ngeni kwangu.
Alizijenga baba, fundi Chilongani,
mwaka ambao mimi nilikuwa natembea bado.
Alipewa ramani, akaifuata.
Pima maji yake ninayo nyumbani, nimeifunga kwenye khanga,
na lile povu dogo ndani ya kioo
linahangaika, linahangaika, mpaka likae katikati.
Usawa haukisiwi, alikuwa akisema, unapimwa.
Nasikia huko ndani ukutani wameandika
kwamba wote tu sawa mbele ya sheria.
Sijapasoma. Pako juu.

Hakimu akashuka mwenyewe,
mwanamke mfupi, miwani ina kamba,
jalada kalikumbatia karatasi zisipeperuke.
Akasema, Mahakama inaweza kukaa hapa, kwenye maegesho.
Watu wakapiga makofi.
Mimi sikupiga.
Nikasema, Mheshimiwa, asante kwa kushuka.
Kesho utapanda, nami nitabaki na magari.
Na kabla hatujaanza, futa pale.
Nilikuwepo.

Alinyamaza mpaka karani akakohoa.
Kisha akaomba kalamu.
Jalada halifutwi, alisema, linaongezewa.
Akaandika ubavuni, herufi za mchwa,
akanigeuzia nisome:
"Alikuwepo. Chini ya ngazi."

Hiyo ndiyo hukumu niliyopata siku ile.
Ya zabibu imeahirishwa hadi Septemba,
na Septemba tutakuwa tumeshavuna,
na atakayevuna ni mimi.
Ndahani alinisukuma mpaka kwenye lami.
Sikumwomba, sikumkataza.
Pale kwenye tuta tulisimama,
akatoa mawe yaliyobana gurudumu,
akasema tairi hili limekwisha.
Hatukusema jingine.

Wiki iliyofuata nilimkuta fundi pale mahakamani,
kijana, penseli sikioni,
anakadiria mteremko kwa jicho moja.
Nikamuuliza kipimo chako kiko wapi.
Akacheka.
Nimemwazima pima maji ya baba.
Nimemwandikisha jina, namba ya simu,
na siku ya kurudisha.